Rejista ya Rukia

Ipo siku moja, mwanangu, niliyojaribu kuiacha katika miji mingi niliyopita, na kila nilipofungua sanduku niliikuta humo. Kabla ya kukufikisha kwenye siku hiyo, ngoja nikueleze nilivyofika Unguja, maana safari yenyewe ilikuwa ndefu, na mtu aliyetoka mbali huwa na tabia ya kudhani ameshaona mengi.

Nilitoka Ujiji na cheti changu cha sekondari ndani ya sanduku la bati. Garimoshi lilitubeba siku tatu, Tabora, Dodoma, Morogoro, tukila mayai ya kuchemsha tuliyouziwa madirishani. Dar es Salaam nililala kwa jamaa wiki nzima nikingoja meli, kisha nikavuka. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mfukoni nilikuwa na jina la mtu mmoja tu: Mwalimu Rajabu, mtu wa kwetu, aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada yake katika skuli za mjini. Alitaka kujua kama nidhamu inapandisha alama za mwanafunzi, na kama adhabu inaleta nidhamu. Alihitaji karani wa kumchambulia rejista. Nikawa mimi.

Nilipanga chumba Kiponda, kwa Bi Zuwena, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akichoma mikate ya ufuta na kuiuza mlangoni kwake. Kila asubuhi nilikwenda skuli moja ya wasichana, nikakaa pembeni ya ofisi na vitabu viwili mbele yangu: rejista ya mahudhurio, na daftari la adhabu lililoandikwa kila kiboko na sababu yake. Nilipiga mistari kwenye karatasi kubwa. Safu ya kwanza siku za kuchelewa, ya pili viboko, ya tatu alama za mtihani. Mwanangu, nisikufiche, niliipenda kazi ile. Kijana wa miaka ishirini akipewa rula na wino mwekundu hujiona kadhi.

Katika darasa la mtihani kulikuwa na msichana aitwaye Rukia binti Saidi. Rejista yake ilinivutia kwa sababu ilikuwa kama hadithi. Kabla ya Sikukuu ya Idi, ile ya kufungua Ramadhani, hakuchelewa hata mara moja. Baada ya Sikukuu akakosa siku tatu, kisha akawa anachelewa karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi, na alama zake zikashuka. Mwalimu wa darasa, aliyehamishiwa pale karibuni, akamchapa mkononi mara kadhaa, bila faida. Mwishowe, Jumatatu moja, akachapwa viboko sita mbele ya skuli nzima. Alkhamisi ya wiki ile ile akaja wa kwanza, na tokea hapo hakuchelewa tena.

Nilimkimbilia Mwalimu Rajabu na karatasi yangu. Aliisoma akitabasamu.

“Shabani, huyu mtoto ni dhahabu,” alisema. “Andika kisa chake ukurasa mzima.”

Nikaandika. Niliandika kuwa Rukia alikuwa mvivu, mtoro na asiye na adabu, na kwamba adhabu kali, ikitolewa mbele ya wenzake, ilimrekebisha ndani ya siku tatu. Majina yalitakiwa yabaki kwetu. Lakini afisa mmoja wa ofisi iliyokuwa ikichagua wasichana wa kuendelea na sekondari aliniomba orodha yenye majina, akaniita kijana hodari, nami nikampa. Hakuna aliyenilazimisha. Sifa zilinilewesha.

Basi siku yenyewe ndiyo hii. Alasiri nilimkuta Bi Zuwena uani anachambua ufuta. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kujigamba. Nilimweleza namna viboko sita vilivyomnyoosha Rukia, msichana wa mtaa wake mwenyewe.

“Rukia yupi?” aliuliza. “Wa Saidi?”

“Huyo huyo.”

“Alianza kuchelewa lini?”

“Baada ya Sikukuu. Kwanza alikosa siku tatu.”

“Siku tatu,” alisema. Akauweka ungo chini. “Na akaacha lini?”

Nikamtajia ile wiki, na siku yenyewe, Alkhamisi. Nilijisifu kuwa naikumbuka. Bi Zuwena akaanza kuhesabu miezi kwa vidole tangu Sikukuu, taratibu, kama anayehesabu ili mtu mwengine asikie. Mfunguo mosi. Mfunguo pili. Mfunguo tatu. Mfunguo nne. Kisha siku kumi juu yake.

“Bwana karani,” alisema, “huko kwenu Ujiji, mume akifa, mkewe hakai eda?”

Nikajikuta nahesabu upya, kwa vidole vyangu.

“Saidi nlimlilia mimi, siku ya tatu ya Sikukuu. Zile siku tatu zako ni matanga. Mkewe akakaa eda, miezi minne na siku kumi, mguu haukuvuka kizingiti. Mjane na watoto wadogo wanne, mkubwa ni huyo Rukia. Sasa nani ateke maji mferejini? Nani asimame foleni ya mchele tangu alfajiri? Jumatano ile nlimwogesha mamake kwa mikono yangu hii, nkamtoa eda. Alkhamisi akenda mwenyewe foleni. Mtoto akenda skuli. We unaniambia ni viboko.”

Aliokota ungo wake. “Ushakula?” aliniuliza, na hilo likanichoma kuliko maneno yake yote.

Kitu kilichoniuma zaidi, mwanangu, ni hiki. Mimi ni mtoto wa Kiislamu. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita, na mama yangu alikaa eda katika chumba cha nyuma, na aliyekwenda sokoni na kisimani nilikuwa mimi. Nilichelewa skuli miezi ile yote. Mwalimu wangu alijua, akanyamaza, akaniachia mlango wazi. Nilikuwa nimeyajua hayo mwilini mwangu, kisha nikapewa rula nikayasahau. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nilikuwa maiti aliyefufuka akasahau kaburi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mwalimu Rajabu. Alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Akavua miwani, akaifuta.

“Ni jambo la kusikitisha,” alisema. “Lakini mtoto mmoja habadilishi wastani.”

“Ukurasa mzima ni wa mtoto mmoja, Mwalimu.”

“Umeshapigwa taipu, Shabani. Nakala zimeshakwenda.”

Nikaenda kwa yule afisa. Alinikaribisha kwa uchangamfu, hata nilipomaliza kusema akacheka kidogo. “We kijana, jana mtoro, leo yatima. Kesho utaniletea nini?” Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa ubaoni siku ile ile. Niliyasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Rukia hakuwamo. Sikuambiwa kuwa ni kwa ajili ya karatasi yangu, na sikuambiwa kuwa siyo. Nafasi zilikuwa chache, na mtu anayechagua hutafuta sababu ya kukata. Sababu nilimpelekea mimi, kwa hati nzuri.

Bi Zuwena alinipeleka kwao kuomba radhi. Mama alikuwa nyuma ya pazia, akasema kwa sauti ya chini, “Tumeshasamehe, mwanangu, ndivyo Mungu alivyoandika,” nami nikajua aliyeandika siyo Mungu. Rukia alikaa kwenye mkeka, anamfunga mdogo wake vifungo vya shati.

“Kwa nini hukumwambia mwalimu?” nilimuuliza. Angalia ujinga wangu, bado nilikuwa natafuta kosa kwake.

Hakuinua macho. “Siku hizi watu hawasemi sana habari za nyumbani kwao,” alisema. “Na yule bwana wenu wa utafiti alitupa karatasi ya maswali, nkajibu yote. Kauliza nnalala saa ngapi. Kauliza nyumbani mna vitabu vingapi. Kauliza kama nnampenda mwalimu. Pahala pa kuandika kuwa baba kafa hapakuwepo.”

Yule mdogo akauliza, “Huyu ndo aliyekuchapa?”

“Siye,” alisema Rukia. “Huyu aliandika tu.”

Nilikaa miezi miwili zaidi, kwa kuwa sikuwa na nauli. Utafiti ukamalizika, Mwalimu Rajabu akapata shahada yake, na nilisikia alisifiwa. Mimi niliamua kuondoka. Asubuhi ya safari Bi Zuwena alinifungia mikate ya ufuta katika kitambaa, akanisindikiza hadi mwisho wa uchochoro. Hakunikemea tena. Alisema tu, “Mungu akupe ulimi wa kuuliza kabla hajakupa mkono wa kuandika.”

Nilipita sokoni Darajani na sanduku langu la bati. Foleni ya mchele ilikuwa imeshazunguka ukuta, na katikati yake, ndani ya buibui lililomzidi kimo, alisimama Rukia na kikapu. Ilikuwa saa za skuli, wenzake waliochaguliwa walikuwa darasani. Nilitaka kupita nikitazama chini. Aliniona. Akatoka hatua moja kwenye mstari, akainamisha kichwa.

“Shikamoo,” alisema.

Msichana niliyemwandika kuwa hana adabu. Nikaitikia marahaba bila kumtazama usoni, nikaenda bandarini. Sikurudi Unguja tena. Nimeishi Lindi, Mombasa, Mwanza, na sasa hapa, na popote ninapopanga chumba naogopa kukaa karibu na skuli.

Mwanangu, najua nawe umepewa kalamu. Yawezekana ni ya ualimu, yawezekana ni ya ofisi. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na rejista ni mlango tu wa nyumba. Ukiona mtoto amechelewa, muulize katoka wapi kabla ya kumuuliza kwa nini. Ukiona amerekebika, usiharakishe kuusifu mkono wako, huenda kuna mama aliyetoka ndani siku ile. Na jina la mtu usilitoe kwa ajili ya kusifiwa. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea huyu tangu ujana wangu. Hakui, wala hahami.

Mola akupe subira ya kuhesabu siku za wenzio kama unavyohesabu zako. Akukutanishe na walio wakweli kwako mapema, uso wako uwe mweupe kila utakapoamkiwa, na uweze kuitikia.