Fukosi ya Shinani

Mtaani kwetu Mabwerebwere, pale Kilosa, watu waliamini nimeajiriwa kiwanda cha sukari. Mama ndiye aliyewatangazia. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu kwamba natafuta muundo wa minyororo ya sukari iliyoshikamana na kimeng'enya cha binadamu; yeye akachukua sukari, mengine akayaacha. Majirani wakamtania: Morogoro nzima imejaa miwa, huyo binti yako kafuata nini Ulaya? Nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu maabara mpaka watu wakageuka.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Kimeng'enya kile hufanya kazi ndani ya seli zetu, na juu yake zimeota sukari ndogondogo zilizoungana kwa matawi. Nilizikata kuanzia nchani, moja moja, na kila mara nikapima uzito uliobaki. Kilichopungua kiliniambia nimekata nini. Minyororo yote ilikubali isipokuwa mmoja. Huo ulibaki na sukari moja iitwayo fukosi, na sikujua imeshika wapi.

Kila Jumapili mama aliuliza, "Utarudi lini, mwanangu?"

"Nikimaliza huu mnyororo mmoja, mama."

"Haya. Nimekuwekea mchele mpya."

Mchele ule ukaliwa, ukavunwa mwingine. Nilitamani nyumbani hadi nikawa mkali kwa watu wasionikosea. Nilitamani harufu ya mashamba mvua zikianza, na zaidi ya yote nilitamani sauti ya mama akinigombeza kwa kulala mpaka jua kali.

Mdogo wangu, anayeishi naye, akaanza kunipigia kwa kujificha. "Dada, mama anasahau. Juzi kapika, akakataa tusile mpaka baba arudi." Baba tulimzika zamani. "Acha hiyo kazi kidogo, uje."

Nikamjibu kwa hasira kwamba wazee wote husahau. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikiondoka, mwingine ataumaliza mnyororo wangu, na miaka yangu yote itakuwa kazi bure.

Hatimaye fukosi ikapatikana. Muda wote tuliitafuta huko nchani, kumbe imeshika shinani, kwenye sukari ya kwanza kabisa inayogusa kimeng'enya. Wenzangu walinipigia makofi. Nikakata tiketi siku hiyohiyo.

Nilishuka kwenye treni ya SGR Kilosa asubuhi, bodaboda ikanifikisha hadi mlangoni. Mama alikuwa barazani anapukuchua mahindi, amekonda kuliko nilivyomwona kwenye simu. Nilitaka kumrukia kama mtoto. Lakini yeye aliniangalia kuanzia miguuni hadi usoni, akaweka gunzi chini, akajifunga khanga vizuri, akainuka kwa shida.

"Shikamoo, shangazi," akaniambia, na kupiga goti kidogo.

Shangazi yake alikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Nilisubiri mama acheke, maana alikuwa mtu wa utani. Hakucheka. Alibaki ameinamisha kichwa mbele yangu, magoti yake mabovu yakimtetemeka, na nikaelewa kwamba hatainuka mpaka aitikiwe. Mdogo wangu akakimbilia ndani, khanga mdomoni.

"Marahaba," nikamwitikia mama yangu.