Kengele Haikulia, Lakini Mashine Ilisema

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Babu Mistari ameketi kwenye stuli yenye mguu uliofungwa waya, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Miwani iko puani, kalamu iko sikioni. Mbele yake kuna skrini nyeusi yenye mistari myeupe, naye anaifuata kwa kidole, midomo ikicheza kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

"Marahaba, marahaba," anaitikia shikamoo ya mwandishi wa makala haya bila kugeuka. "Kaa pale. Na tafadhali usiguse waya wowote, hata mkono ukikuwasha."

Jina hilo amepewa na masista wa wodi ya watoto njiti, iliyo upande wa pili wa ukuta. Amekuwa fundi kompyuta wa hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Mafundi wengine wakiambiwa mashine imegoma, cha kwanza wanazima na kuwasha. Yeye anasoma kwanza, na kwa tabia hiyo amechekwa vya kutosha.

Leo, siku yake ya kwanza kazini tangu Jumatatu, anasoma kwa haraka. Saa tatu kamili kamati ya nidhamu inakaa, na sista mmoja huenda akafukuzwa kazi.

Kisa chenyewe ni cha juzi, Jumanne. Wodi ina vitanda vya joto kumi na viwili. Kompyuta moja ndogo, hii iliyo mezani kwa Babu Mistari, inapima joto la kila kitanda, inaonyesha tarakimu kwenye skrini ya masista, na kitanda kikipoa inapiga kengele. Jumanne asubuhi kitanda cha saba kilipoa, na kengele ikakaa kimya.

Aliyegundua ni mama wa mtoto. Saa mbili na nusu aliingiza mkono amshike mwanawe unyayo, akaukuta wa baridi. Mtoto alibebwa kifuani kwa mama yake hadi akapata joto. Sasa yuko salama, ananyonya, na kilio chake kinasikika hadi kwenye korido.

Kisanduku cha kengele, kinachochomekwa kwenye kompyuta hiyo kwa waya, kilikutwa taa imezimika. Miaka ya nyuma kuna sista aliwahi kukichomoa apumzike na kelele, basi korido nzima ikaamua kwamba lisemwalo lipo. Sista wa zamu, dada wa miaka ishirini na sita mwenye mapacha nyumbani, akaambiwa kengele ameichomoa yeye. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Lakini kabla hajaondoka alifanya jambo moja. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alipokuja ili azime mashine na kuiwasha upya, alikuta kitufe kimebandikwa plasta ya vidonda, na sista amesimama mbele yake. "Babu amesema isizimwe mpaka aisome," akamwambia. Kwenye barua ya mashtaka wakaongeza neno ukaidi.

"Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, lakini hakubanduka pale," anasimulia mama wa usafi, aliyeshuhudia yote akiwa na ndoo mkononi. "Nikasema moyoni, huyu mtoto ama ana wazimu ama ana haki."

Kwa nini isizimwe? Babu Mistari anavua miwani, ishara kwamba somo limeanza.

"Ndani ya kompyuta kuna programu moja iko chini ya zote, tunaiita kiini. Ndiyo inayoshika waya, umeme, skrini, kila kitu. Na kiini kina mdomo, mwanangu. Kifaa kimechomekwa, kinasema. Kifaa kimetoka, kinasema. Yote kinayaandika kwenye kumbukumbu yake, na yale mazito kinayatoa kwenye skrini ili watu wayaone."

Kumbukumbu hiyo, anaeleza, ni ya mzunguko. Ikijaa, neno jipya linafuta lile la zamani kuliko yote. Na kwa kuwa mashine hii haina diski ya kuandikia, ukiizima tu maneno yote yamekwenda na maji. Somo hili amewapa masista wote wa wodi. Wengi waliitikia "sawa babu" na kuendelea na kazi zao.

Mkewe, fundi cherehani, anacheka mwandishi anapompigia simu. "Mashine ikinong'ona anasikia. Mimi namwambia bomba la jikoni linavuja tangu mwaka uanze, hajasikia bado. Lakini mume ndiye huyo, nimeshampenda, nifanyeje?"

Saa moja na dakika hamsini, kidole cha Babu Mistari kinasimama. Kifaa nambari nne, ambacho ndicho kisanduku cha kengele, kimekatika. Pembeni pameandikwa 1,641,972.

Hizo ni sekunde. Kiini hakiandiki saa ya ukutani, kinahesabu tangu mashine ilipowashwa. Hapo ndipo daftari la mzee linapotoka kwenye droo, maana kila anapowasha mashine huandika siku na saa. Hii aliiwasha Alhamisi ya wiki ya tatu nyuma, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne asubuhi, baada ya kubadilisha feni. Anagawa kwa kalamu, anafuta, anagawa tena. Siku kumi na tisa, dakika sita na ushee.

"Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi," anasema polepole. "Na binti kasaini kuingia saa moja kamili."

Anapanda juu zaidi kwenye mistari. Kwa siku tisa kabla ya hapo, kifaa hicho hicho kilikatika na kurudi mara kumi na moja, kila mara ndani ya sekunde moja au mbili. Hakuna mkono wa mtu unaochomoa na kuchomeka kwa kasi hiyo. Ni tundu la waya lililolegea, na Jumanne lilikatika lisirudi.

Mwandishi anatabasamu. Mzee hatabasamu.

"Hii imeandikwa kwa ngazi ya sita," anasema.

Maneno ya kiini yana ngazi, sifuri hadi saba. Sifuri ni mashine inakata roho, saba ni porojo za mafundi. Kiini huhesabu kukatika kwa kifaa kuwa habari ya kawaida, kwa sababu hakijui kifaa ni cha nini. Kwake kengele ya watoto na kipanya cha mezani ni mamoja.

Miezi minane iliyopita masista walilalamika kwamba mistari inaruka kwenye skrini yao na kufunika tarakimu za joto. Babu Mistari akaiambia mashine, kila inapowaka, iwaonyeshe ngazi ya sifuri hadi ya tatu tu. Skrini ikawa safi, masista wakamnunulia soda. Kwa hiyo siku zote tisa kiini kilikuwa kinasema, na hakuna aliyeweza kuona, kwa mkono wa Babu Mistari mwenyewe.

Anampigia mkewe na kumweleza yote. Chumba ni kidogo na simu ina sauti kubwa, hivyo jibu linasikika lote. "Peleka hizo saa, zinatosha kumwokoa. Hayo mengine nani kakuuliza? Miezi kumi na minne tu, baba watoto." Anaitikia, anakata, anachapisha kurasa mbili na kuchana nywele kwa vidole.

Kamati ina watu watano na meza ndefu. Sista ameketi kwenye kiti cha pembeni, leso imelowa, imekwisha kazi. Babu Mistari anasoma saa zake, anaonyesha daftari, anaeleza tundu. Muuguzi mkuu anaitikia kwa kichwa na kuandika. Mambo yanakwenda vizuri.

Ndipo mkuu wa kitengo cha kompyuta anapouliza. "Kama mashine ilisema mara kumi na moja ndani ya siku tisa, na skrini iko mbele ya sista, kwa nini hakuripoti? Basi hakuchomoa, lakini alizembea. Adhabu ni ile ile."

Sista anamgeukia Babu Mistari. Kwenye skrini yeye hakuona kitu.

Mzee anakunja karatasi zake mara mbili. Mwandishi, aliyeruhusiwa kukaa nyuma kabisa, anakiri kwamba alimwombea anyamaze na papo hapo akamwombea aseme.

"Hakuona kwa sababu hakuonyeshwa," anasema Babu Mistari. "Niliizima mimi hiyo mistari isitokee kwenye skrini yao. Sikuandika popote, sikumwambia mtu, na sikufikiria kwamba kengele nayo ingekuwa humo. Kiini kilisema. Mimi ndiye niliyekifunga mdomo. Mkitaka mzembe, ni huyu aliyesimama."

Muuguzi mkuu anaomba wote wasio wa kamati watoke nje.

Majibu yanakuja baada ya dakika arobaini. Sista anarudi kazini kesho, na neno ukaidi limefutwa kwenye faili lake. Babu Mistari anapewa barua ya onyo, na kwa miezi mitatu haruhusiwi kugusa kibodi ya mashine ile bila mtu wa wodi kuwepo. Anaipokea barua kwa mikono miwili, anaisoma mstari kwa mstari kama kawaida yake, na kuitia mfukoni.

Sista anamfuata kwenye korido. Anamshika mkono na kuung'ang'ania.

"Nisamehe mwanangu," mzee anamwambia. "Siku mbili umelala na aibu yangu."

"Babu, ungenyamaza nisingejua."

"Ningejua mimi."

Muuguzi mkuu amekubali ombi lake moja. Kuanzia Jumatatu, kila zamu itakaa naye nusu saa. Masista watasema wenyewe ni maneno gani ya kiini yawafikie na yakae wapi ili yasifunike tarakimu. Wao ndio watakaobonyeza, yeye atasimama nyuma yao na kueleza. Kila kitakachonyamazishwa kitaandikwa ukutani, pamoja na jina la aliyekinyamazisha.

Alipoulizwa anatamani nini kabla ya kustaafu, hakutaja kiinua mgongo wala sherehe ya kuagwa. Alitazama mlango wa wodi, ambako mama wa kitanda cha saba alikuwa anambadilisha mwanawe nepi.

"Natamani sista yeyote wa pale ndani, siku akiulizwa kwa nini kengele haikulia, aweze kukaa kwenye ile stuli asome mwenyewe, awajibu," alisema. "Asihitaji kunisubiri mimi niamue kama nina ujasiri siku hiyo."