Jiwe la Chef

Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kwenye barabara ya changarawe inayopanda mpaka kwenye jabali, kule vijana wa Butembo wanakopanda kwa kamba. Mwinuko ni mkali, hata parking yenyewe imelala upande. Kila dereva anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na akiondoka analiacha palepale, limngoje mwenye pikipiki aligonge.

Chef wa kazi alitupigia kelele tangu asubuhi: "Sitaki kuona ata jiwe moya!" Tukayaokota yote, tukaziba nayo mashimo, tukashindilia mpaka jasho likatutoka.

Saa sita chef akapandisha gari yake kuja kukagua. Kabla hajashuka, gari ikaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani: "Mulete jiwe! Mbiyo!"

Tukaangaza huku na huku. Hakukuwa na jiwe. Mama mmoja akaguna, akarudi kwenye shimo alilotoka kuziba, akachimbua jiwe lake kwa jembe, akalikaza nyuma ya gurudumu.

Chef akashuka, akasifu kazi, akapanda gari akaondoka. Jiwe likabaki katikati ya njia.

"Chef! Unasahau mutoto!" mama akaita. Chef akasimama. Mama akalifunga jiwe ndani ya kitambaa chake, akafungua mlango wa nyuma, akalilaza kwenye kiti. "Enda naye, papa. Kila fasi utasimama, utakuwa naye."

Jana chef alitubeba mpaka Beni. Nyuma tulibanana watatu pamoja na jiwe, bado liko ndani ya kitambaa. Aliyeambiwa na chef asogee, jiwe lipate nafasi, ni mimi.