Herufi Yenye Mkia Kwenye Seva ya Mwalimu

Kompyuta kuukuu kuliko zote ninazozitunza iko Tororo, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha kijijini Paya miaka mingi. Mimi naishi Busia, upande wa Kenya. Kila Jumanne navuka mpaka kwenda kumwangalizia mitambo yake. Yeye na wenzake wawili wanaandika kamusi ya Dhopadhola, lugha ya kwao. Kila mmoja ana kompyuta yake, na ile kuukuu ndiyo seva: inahifadhi mafaili ya kamusi ili wote watatu wayafungue popote walipoketi.

Kwa sababu ya mtambo huo nilijikuta na kazi nyingine isiyo na mshahara. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, hutengenezwa na watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali. Programu ikipata toleo jipya, haiwafikii watumiaji wote mara moja. Kwanza mtu aijaribu kwenye kila aina ya kompyuta, aseme inafanya kazi, ndipo itiwe alama ya kuwa thabiti. Kompyuta za aina ya ile ya mwalimu zimebaki chache, na wanaozijaribu ni wachache zaidi. Lilipokuja toleo jipya la programu ya kushirikisha mafaili, aina nyingine zote zilipitishwa, nikabaki nasubiriwa mimi. Wenzangu hao wa kujitolea walitaka haraka, kwa kuwa toleo la zamani lilikuwa na tundu la usalama.

Mwalimu aliniuliza kama maneno yake yatakuwa salama. Nikanakili mafaili yote kwenye diski ya pembeni, nikamwonyesha, akakubali.

Nikaweka toleo jipya, na majaribio yakaenda vizuri. Nilifungua, nikahifadhi, nikafuta, nikaunganisha kompyuta zote tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti mwalimu aliponiita kutoka chumba cha pili.

"Mwanangu, maneno yangu ya hii herufi imekwenda wapi?"

Alikuwa ananionyesha ŋ, ile n yenye mkia ambayo kwao husimama mahali pa ng' yetu. Kila faili lenye herufi hiyo kwenye jina lake lilionyesha alama za kuuliza, na halikufunguka. Kazi ya miezi. Nilikimbilia diski ya pembeni yenye nakala. Nikaikagua; ilikuwa kamili. Mwalimu alivuta kiti akaketi karibu yangu.

Niliwaandikia wenzangu wa Linux wasilitie alama, toleo lina kasoro. Nakiri niliandika kwa ukali. Mwanamke anayesimamia programu hiyo, ambaye sijawahi kumwona, alijibu kabla hatujamaliza chai ya saa nne. Hakubishana, aliomba tu nimtumie faili la mipangilio ya seva.

Nililipitia mstari kwa mstari kabla ya kulituma. Katikati nikakuta mstari nilioandika mwenyewe miaka ya mwanzo, ukiiambia seva itumie orodha ya herufi ya kizamani isiyoijua ŋ. Toleo la zamani lilikuwa likiupuuza. Jipya lilitii.

Nikaufuta, nikawasha seva upya. Mafaili yote yakarudi na majina yake.

Mwalimu aliuliza kosa lilikuwa la nani. Nikamwambia ni langu.

"Basi waandikie hivyo hivyo," akasema. "Usiache mtu mwingine abebe."

Niliandika hivyo, kwa aibu. Msimamizi alinishukuru, akaongeza onyo kwenye maelezo ya toleo kwamba mwenye mstari kama wangu auondoe kwanza. Nami nikarudia majaribio yote tangu mwanzo, safari hii kwa majina yenye ŋ, nikaandika kwamba toleo linafanya kazi. Mchana huo huo likatiwa alama.

Nilipomwambia mwalimu kwamba sasa kompyuta zote kama yake zitalipata toleo hilo, alitaka kujua ni za watu wangapi. Nikasema sijui, huenda ni wachache sana. Hilo halikumpunguzia furaha. Tulikula viazi vitamu kwa mchuzi wa karanga, huku wenzake wakibishana kama neno fulani ni la kwao tangu zamani au limekopwa kwa Wateso. Wakaniomba niamue mimi, Msamia nisiyejua lolote. Nilikaa kuwasikiliza mpaka saa kumi, nikasahau kabisa kwamba nilikuwa na safari ya kurudi Busia.