Sanduku la Besi Lililokwenda Kuposa

Gari letu lilifika Kasulu likisema Kijapani. Ukiwasha tu, mwanamke asiyeonekana anakukaribisha kwa sauti ya upole, na mume wangu humjibu "asante, mama" kwa adabu ambayo mimi mkewe nilikuwa sijapata kuionja. Ni gari kubwa, jeusi, lenye safu tatu za viti na ngazi ya kupandia. Alisema amelinunua kwa ajili ya familia. Nilifurahi sana. Mimi ni mwalimu kutoka Tanga, nimeletwa huku na serikali na kubakizwa na ndoa, na nilikuwa nimechoka kwenda ukweni Kibondo nikiwa nimepakatishwa mizigo ya watu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoigundua besi.

Kule nyuma, pembeni ya buti, kiwanda kilikuwa kimeficha spika moja ya besi, ndogo, ya kistaarabu, inayonguruma kiasi cha kukujulisha kwamba ipo. Mume wangu aliisikiliza wiki nzima huku amekunja uso kama daktari anayepima kifua. Mwishowe akatoa majibu: "Hii inakohoa." Huyu ni mtu ambaye mtoto akilia chumba cha pili hasikii. Nikimwambia gesi imekwisha, narudia mpaka natokwa jasho. Lakini spika ikikohoa, anasikia.

Fundi wa pale mjini alimshauri abadilishe spika tu, aweke nyingine nzuri ya ukubwa uleule, iingie palepale. Ulikuwa ushauri mzuri, na ndiyo maana haukufuatwa. Akaliendesha gari hadi Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa fundi Mkongo aliyejipatia jina kambini kwa kufunga vyombo vya kwaya. Fundi aligonga ile plastiki ya kiwanda kwa kidole, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Patron, hii iko ya kubembeleza mutoto. Mi nitakufungia ingine, batu batakusikia mbele ya kufika."

Nilimwona mume wangu anavyomeza maneno yale. Kumbe shida ilikuwa hiyo siku zote: watu walikuwa hawamsikii kabla hajafika.

Likaja sanduku. Mbao nene, zulia jeusi juu yake, na ndani spika mbili pana kama nyungo, pamoja na amplifaya na waya mwekundu unaotoka kwenye betri. Kuingia haliingii mpaka viti vya nyuma vitolewe. Vikatolewa, vikaletwa sebuleni kwangu, vikaegemezwa kwenye kabati la vyombo. Nikamuuliza, "Hivi si ndivyo viti vya familia?" Alikuwa anajaribu wimbo nje. Hakusikia.

Tangu siku hiyo tukawa tunasafiri ndani ya ngoma. Kioo cha katikati kilitetemeka hadi lori moja likaonekana mawili. Kibati cha namba kilipiga kelele zake peke yake, na mume wangu, badala ya kupunguza sauti, akakiwekea sponji. Ukimlalamikia anakuambia, "Nimepunguza." Masikio yake yalikuwa yamekwisha, maskini, na hakuwa na habari.

Yote hayo ningeyavumilia, maana nimevumilia makubwa zaidi. Lakini shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amempenda msichana wa Kumsenga, huko Kibondo. Ni kijana mpole, fundi cherehani, na alimpenda hadi akawa anakosea vipimo vya suruali za watu. Siku ya posa ilikuwa imekubaliwa, na mume wangu, kaka mkubwa mwenye gari, ndiye angetuongoza. Tulipohesabu watu wa kuondoka Kasulu, wakatosha wote isipokuwa shangazi yao, mama mwenye maneno yake, ambaye kila posa ya ukoo ule husimama upande wa wanawake na kujibu. Kiti chake kilikuwa sebuleni kwangu.

"Tutamwelezea," mume wangu akasema.

Shangazi alikuja kutuaga na kanga yake mpya tayari mwilini. Alilitazama lile sanduku kupitia mlango wa nyuma, akalitazama hasa, kisha akasema, "Basi mwende nalo. Wakiuliza, lijibu." Nilitamani ardhi inifunike. Tukaondoka, wazee wawili wa ukoo, shemeji, mimi, na mume wangu kwenye usukani, ngoma ikidunda.

Sasa, huku Buha, kwa Waha, salamu si neno, ni kazi. Unasimama mwanzoni mwa boma, unainama, unapiga makofi polepole, laini, huku unaulizia nyumba, watoto, ng'ombe na mvua, nao wanaitikia kwa makofi yao. Ukishainama mbele ya wazee hugeuki kuwapa mgongo mpaka salamu iishe. Hilo hata mimi wa Tanga nilifundishwa mwezi wa kwanza. Na mume wangu, aliyezaliwa nalo, alisimamisha gari mbele ya boma la watu, akafungua mlango wa nyuma ili zawadi zionekane, akaacha wimbo ukilia ili ijulikane tumefika, akaja kuinama.

"Zima," nikamnong'oneza.

"Nimepunguza."

Tukainama. "Mwakeye," tukasema, na hakuna aliyesikia. Tukapiga makofi, niliviona viganja vyangu vinakutana, sauti yake sikuisikia. Wazee wa upande wa pili walisimama wakitutazama tunavyochezesha midomo. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kijana anayejisifu kuwa ana mwanamke kila mkoa. Huo ndio tuliokwenda nao kuomba binti. Mume wangu sasa aliusikia, naapa, kwa mara ya kwanza aliusikia vizuri, lakini alikuwa ameshainama. Shemeji alikuwa analia chinichini, machozi kabisa.

Hatimaye baba mkubwa wa binti akanyoosha mkono kuelekea gari. Mume wangu akarudi kinyumenyume, ameinama vilevile, akajigonga kisogo kwenye mlango, akazima.

Kimya kilichofuata kiliniuma masikio.

"Hatujasalimiwa," baba mkubwa akasema. Wazee wetu wakaanza kuomba radhi, wakataja faini, maana posa bila faini haijanoga, na nikadhani tumepona. Ndipo bibi wa yule binti, kikongwe aliyekaa kwenye mkeka, akainua mkono.

"Mbega," akaanza kwa Kiha, neno lao la kuulizia, "mwana wetu akilia kule kwenu, nani atamsikia?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Bibi akazungusha macho akimtafuta mwanamke wa upande wetu, na mwanamke alikuwa mimi, kwa sababu mwenye kazi hiyo tulimwacha Kasulu.

"Wewe uliyeolewa mule. Ukisema, unasikika?"

Nilimwona shemeji anavyonitazama. Ningesema hapana, mke kapotea. Ningesema ndiyo, ningemdanganya mwanamke mzima mbele ya mjukuu wake, na yule binti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza kila neno. Nilikuwa na hasira, sitaficha, hasira ya tangu viti vilipoingia sebuleni.

Nikapiga makofi polepole, yakasikika. "Bibi," nikasema, "mimi nimeanza kusikika leo, hapa kwako. Lakini huyu anayeoa siye mwenye gari. Huyu ukimwita kwa kunong'ona anatupa mkasi, anakuja."

Binti akacheka. Akacheka kwa sauti, akaziba mdomo, akakimbilia ndani. Bibi naye akacheka, kisha akataja faini: lile sanduku. Kaka zake binti walilitoa hapohapo na waya zake, wakaliweka kando ya mkeka, na bibi akahamia juu yake akaketi. Alisema ni kiti kigumu lakini kinafaa. Posa ikapokelewa.

Jioni tukaanza safari ya kurudi. Yule mama wa Kijapani akatukaribisha, mume wangu hakumjibu. Tulitembea muda mrefu tukisikia mawe tu chini ya magurudumu na wazee wakikoroma nyuma. Kisha akauliza, macho yakiwa barabarani, "Kweli huwa sikusikii?"

Nikamwambia apunguze mwendo, maana mambo ni mengi na Kasulu inakaribia. Nikaanza na viti.