Siku Niliyokataa Kumsomea Mamzeli Odila

Harufu ya ubao wa jiwe uliofutwa kwa mate bado naijua. Sisi watoto wa Nchelenge, kando ya ziwa, wa miaka ile ya hamsini hatukuwa na vitambaa. Tulitema mate, tukasugua kwa kiwiko, na darasa zima likanuka mate makavu na samaki, maana nje ya ukuta wa matete akina mama walikuwa wakianika samaki wao. Mwalimu wetu, Mamzeli Odila, hakuwahi kuziba pua. Nadhani ndipo nilipoanza kumpenda.

Alikuwa binti wa Elisabethville, huko Kongo ya Wabelgiji, ng'ambo ya ziwa. Kanisa letu liliomba mtu wa kuwasaidia watoto waliochelewa kusoma, naye akaja kwa hiari yake, bila mshahara. Alilala kwetu, kwa sababu baba, mchuuzi wa samaki, alikijua Kiswahili cha biashara. Mama hakukijua. Jioni walimenya mihogo pamoja, mama kwa Kibemba cha ziwani, Mamzeli kwa Kibemba cha mjini kilichojaa Kifaransa, wakacheka kuliko walivyoelewana.

Mimi, Chanda, nilikuwa na miaka minane, wa mwisho kabisa darasani. Herufi zilinikimbia. Wenzangu walipokwenda kuogelea, Mamzeli aliniketisha karibu yake, akanishika kidole, akakipitisha polepole juu ya kila herufi. Wiki nyingi tulikaa hivyo. Kisha siku moja, peke yangu nyuma ya nyumba, maneno yakafunguka, nikasoma ukurasa mzima wa kitabu chetu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kumshangaza kesho yake.

Kesho yake akatwambia anaondoka.

"Mama yangu iko mugonjwa," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, tulichokwisha kukizoea. "Kesho asubui nitapanda boti kule Kashikishi. Sasa kila mutoto anisomee mustari mumoja. Ile njo zawadi nitaenda nayo."

Wenzangu wakasoma. Kapembwa alisoma kwa sauti kubwa hata bata wa jirani wakamjibu, tukacheka huku tunalia. Ikafika zamu yangu. Maneno yalikuwa pale kitabuni, wazi kama uso wa mama. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu: alikuja kwa ajili ya wasiojua kusoma. Akibaki mmoja asiyejua, ataondokaje?

"Soma, mutoto wangu."

"Siyui, Mamzeli."

"Hata hili neno moja?"

"Siyui."

Akapiga magoti kando yangu, akanishika kidole kama siku zote, akakipeleka kwenye herufi ya kwanza. Nikafunga mdomo kabisa.

"Haizuru," akasema mwishowe. "Ni miye sikukufundisha muzuri." Akageuka kuufuta ubao mkubwa, ambao haukuwa na maandishi yoyote.

Asubuhi baba alimbebea sanduku mpaka Kashikishi. "Shalenipo," Mamzeli alituaga, kaeni salama, akamkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi sikulia. Nilikuwa na hakika atashuka. Boti ilipowashwa nilijua atashuka. Ilipokuwa ndogo kama ganda la karanga bado nilisubiri, maji yakinifika magotini, hadi baba akaninyanyua akanitoa majini.

Baada ya miezi kadhaa mwenye boti alileta bahasha yenye jina langu. Ndani mlikuwa na kitabu cha kwanza cha herufi, kile cha watoto wadogo kabisa, na karatasi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, ameziachanisha ili zisinitishe: CHANDA USIOGOPE. ANZA TENA POLEPOLE.

Niliisoma mara moja, pale pale mlangoni.

Nilimwandikia ukurasa mzima, nikamwambia yote. Barua ilirudi na mwenye boti yule yule. Alisema mama yake Mamzeli alifariki, nyumba ina watu wengine, na hakuna aliyejua binti alikokwenda.

Zamani nilidhani kosa langu lilikuwa kusema uongo. Sasa nimesomesha watoto wa watu miaka mingi, najua mwalimu anavyokaa usiku akimfikiria yule mmoja aliyemshinda. Mamzeli Odila alitupa miezi yake yote bure, akaomba mstari mmoja tu. Nilikuwa nao mdomoni. Nikamwacha avuke ziwa akiamini kwamba mtoto aliyempenda kuliko wote hakupata kitu kwake.