Udongo Kwenye Pindo la Kanzu

Harufu ya udongo uliolowa kwenye beseni hunirudisha Newala, uani kwetu, jioni babu alipomaliza kutawadha. Mtoto wangu wa mbwa aliingojea saa hiyo. Alimrukia, akamlamba mikono, akaling'ang'ania pindo la kanzu. Nguo iliyolambwa na mbwa haikufaa kuswalia mpaka isuguliwe kwa udongo na kusuuzwa tena na tena, kwa maji ambayo mama aliyapandisha kichwani kutoka bondeni.

"Akiichafua tena, anakwenda Lupaso kwa mjomba wako," mama alisema huku akijikanda shingo.

"Haendi."

"Unasema na nani?"

Jioni iliyofuata nilimwahi babu. "Shikamoo, babu. Leo usikimbie wala usipunge bakora. Ukikimbia, anadhani mnacheza."

"Marahaba. Kumbe wa kufundishwa adabu ni mimi, si mbwa?"

"Wote wawili."

Mama alishika mdomo. Babu alicheka, kisha akasimama wima, bakora chini. Mbwa akaruka huku na huku, akakosa wa kucheza naye, akaketi. Babu akaenda msikitini na kanzu safi.

"Umeona? Ameketi," nilimwambia mama.

Akanipa ndoo tupu. "Wewe usiketi. Mwenye mbwa atateka maji."

Nilishuka bondeni mbwa akinitangulia, na sikuomba radhi kwa kumtetea. Wala leo, nikisugua nguo yangu huku mbwa mwingine akinitazama kutoka mlangoni, siombi.